Mkanda Uvutwe Mpaka Mwisho

Siku hizi, kabla Bwana Mvuke hajagusa gari la mtu, huuliza swali linalowachekesha wateja. Wakishaelewana juu ya viti, zulia na buti, husafisha koo, hutazama pembeni kama mtu anayekwenda kuomba chumvi kwa jirani, kisha husema, "Na je, kuna harufu ungependa nikuachie?"

Wateja hudhani ni utani. "Uniachie? Toa zote, fundi! Kilichonileta hapa ni nini?" Naye huitikia, "Sawa, bosi, zote," halafu huwasha mashine. Yeye mwenyewe hacheki. Wanaomfahamu tangu zamani hushangaa, maana pua ya Bwana Mvuke haikuwa ya kuuliza. Ilikuwa ya kuhukumu.

Zamani, hata kabla hajakuamkia, alifungua mlango wa nyuma, akaingiza kichwa, akavuta pumzi ndefu, kisha akatoka na kukupa habari za nyumbani kwako. "Mtoto alimwaga maziwa, mkafuta juu juu." "Mna mbwa, na mbwa hampendi kuoga." "Bosi, si uliniambia umeacha sigara?" Wengi walicheka. Wengine walinuna. Mwalimu mmoja aliufunga mlango akaondoka na gari lake chafu vilevile, kwa sababu mkewe alikuwa amesimama kando na ile pua ilikuwa imeshaanza kutaja manukato.

Alifanyia kazi nyuma ya kituo cha mafuta, chini ya paa la mabati lililoinama upande mmoja. Ukutani palikuwa na misumari, na kila msumari ulikuwa na vitambaa vya rangi yake: vya buluu kwa ajili ya vioo, vya manjano kwa dashibodi, vya kijivu kwa mambo yasiyosemeka. Katikati ya sakafu ilisimama mashine yenyewe, sanduku la chuma lenye magurudumu, tangi la maji tumboni na mpira mrefu mgongoni. Ukiiwasha inanung'unika kidogo kama mzee aliyeamshwa, maji yanachemka humo ndani, halafu mvuke unatoka kwenye mdomo mwembamba wa mpira ukiwa mkali na mkavu, na unaingia pale ambapo kidole hakiingii. Matundu ya hewa, mishono ya viti, mifereji ya milango, kote unapita. Mafuta yanalegea, uchafu unainuka, na kitambaa kinafuata nyuma kuupokea. Majirani zake waliokuwa wakiosha kwa ndoo na sabuni walisababisha mafuriko kila siku. Yeye gari zima alilimaliza kwa maji ambayo mwanamke mwangalifu angeoshea vyombo vya chai.

Hakuzaliwa anajua. Mwanzoni kabisa, kabla mkono haujazoea, aliuelekeza mvuke kwenye kitambaa cha dari ya gari la mhasibu mmoja, akaukaribisha mno. Gundi iliyoshika kitambaa ikaachia. Dari nzima ikashuka taratibu, mhasibu akarudi nyumbani akiendesha huku kaisukuma kwa kichwa, kama mtu aliyebeba mzigo wa kuni ndani ya gari. Asubuhi nyingine ya baridi alipiga mvuke kwenye kioo cha mbele ambacho bado kilikuwa na umande, kikatoa mlio mmoja tu, ta! ukapita ufa kutoka kona hadi kona. Alilipa kioo, akalipa dari, akajifunza. Tangu hapo dari aliipitia kwa mbali, mdomo wa mpira ukiwa umevishwa kitambaa, na vioo alivipasha moto polepole.

Alipokwisha kujua, akawa mkali. Msaidizi wake, mtu mzima mwenye wajukuu aliyeitwa Kipara ingawa nywele zake zilikuwa zimejaa kichwa, aliziimba amri za Bwana Mvuke kama mtoto anayekariri. Chini ya viti: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame!" Pembeni mwa pedali: "Inama tena!" Na amri kuu kuliko zote ilihusu mikanda ya usalama.

"Mkanda uvutwe mpaka mwisho," Bwana Mvuke alisema. Mkanda, alieleza kwa kila aliyekubali kusikiliza, hujikunja na kujificha ndani ya nguzo ya mlango. Mvivu anafuta kipande kinachoonekana, anachukua hela yake. Kesho abiria mnene anaingia, anavuta, na kile kilichokuwa kimejificha kinatoka na jasho la miaka yote kinampitia kifuani. Kwa hiyo mkanda uvutwe mpaka ugome, ubanwe kwa kibanio cha nguo usirudi, upigwe mvuke mbele na nyuma, uachwe ukauke ukiwa nje. Hapo ndipo kazi imekwisha. Kipara alisema siku Bwana Mvuke akifa, malaika watakuta amejivuta mpaka mwisho na kujibana kwa kibanio ili wasimlaumu.

Sasa, mtu hawi adui wa harufu bila sababu. Sababu ya Bwana Mvuke ilikuwa baba yake.

Baba yake alikuwa fundi viatu. Alikuwa na kibanda chenye dirisha moja na cherehani nzito, na alipofikia umri ambao wenzake walianza kununua fimbo, yeye alinunua gari. Lilikuwa gari dogo, kuukuu, lenye viti vya kitambaa. Alilitumia kukusanya viatu vya wateja na kuvirudisha, na kwa kuwa kibanda kilikuwa kidogo, gari likawa ghala. Buti lilijaa soli. Kiti cha nyuma kilikuwa cha makopo ya gundi, mabonge ya nta na vipande vya ngozi. Kwenye kisanduku cha mbele aliweka peremende za mnanaa, ambazo alizipenda kama mtoto, na chupa ya dawa ya kuchulia goti lake bovu. Vyote hivyo vilikaa pamoja juani mwaka hadi mwaka, vikachanganyika na jasho la mwenye gari, na kikatoka kitu ambacho hakikuwa gundi wala ngozi wala mnanaa. Kilikuwa harufu ya baba, na ilikusalimia kabla mwenyewe hajafungua mlango.

Ndani ya gari hilo Bwana Mvuke alipelekwa shule. Ilikuwa heshima, wenzake walikwenda kwa miguu. Lakini watoto hawana dogo. "Kiatu kimefika!" walipiga kelele akishuka. "Leo ni soli au kisigino?" Walimnusa shati na kujifanya wanazimia. Mtoto yule alianza kusafiri kichwa kikiwa nje ya dirisha, na siku moja akasema, "Baba, nishushe hapa kwenye kona."

"Hapa? Shule si kule mbele?"

"Nataka kunyoosha miguu."

Baba alisimamisha gari. Kesho yake mtoto akaomba tena, na keshokutwa. Halafu ikafika asubuhi ambayo hakuomba, alikuwa anawaza mambo mengine, na gari likasimama pale konani lenyewe. Baba alitazama mbele, mikono kwenye usukani, akampa peremende. "Haya, kanyooshe miguu, mwanangu." Hakusema zaidi, wala hakuwahi kusema baadaye, na tangu siku hiyo mpaka mtoto alipomaliza shule gari halikuvuka ile kona.

Alipokuwa mtu mzima na mashine yake, mara nyingi alimwambia baba alete gari. Bure, kwa heshima, siku yoyote. Baba alicheka mpaka goti likamuuma. "Hili silioni siku hizi, mwanangu, macho yamechoka. Nalifuata kwa pua. Ukiliosha nitaingia gari la watu." Mwana akisisitiza, mzee alimaliza kwa mkato: "Ngoja nife kwanza, ndipo ulioshe."

Wakacheka wote. Ulimi hauna mfupa. Mzee alikufa kitandani kwake, bila fujo, jinsi alivyoishi.

Kibanda kilikabidhiwa fundi mwingine, cherehani ikaenda, nguo zikagawiwa. Gari likabaki uani, chini ya kivuli cha ukuta. Jirani wa nyumba ya pili, mwalimu wa udereva, alilitaka kwa ajili ya wanafunzi wake, akaja kuuliza kwa adabu zote. Mama akamjibu, "Haliuzwi," akaongea mambo mengine. Alikuja tena. "Jirani, nimekwambia haliuzwi. Chai?"

Kila siku baada ya chakula cha mchana mama alichukua funguo kwenye msumari, akajifunga mtandio, akashika mkoba wake kama mtu anayekwenda mjini, akaenda uani, akaingia kwenye gari. Alikaa kiti cha abiria. Hakuwahi kukaa kiti cha dereva. Alifunga mlango, akahakikisha vioo vyote vimepanda mpaka juu, hata jua likiwa kali, na akakaa. Mara nyingine midomo yake ilicheza. Alipotoka uso wake ulikuwa umetulia, akaosha vyombo akiimba kimoyomoyo.

Dada mkubwa, aliyekuwa akiishi na mama, hakumuuliza. Alichofanya ni kuwafukuza watoto wa mtaa waliotaka kufungua milango ya gari lile. Wewe unayesoma umeshaelewa. Dada alielewa, jirani alielewa, nadhani hata kuku wa uani walikuwa wameanza kuelewa. Aliyekuwa na pua kuliko wote ndiye hakuelewa.

Yeye alisikia jambo moja tu: mama anakohoa. Na kweli alikuwa anakohoa, na daktari wa kliniki alikuwa amesema vumbi lipungue. Bwana Mvuke akapiga hesabu za fundi. Mama anakohoa. Mama anakaa kila siku ndani ya gari ambalo halijawahi kufutwa, madirisha yamefungwa. Akampigia dada simu.

"Nataka nije niling'arishe gari la mzee. Mama anavuta uchafu mle."

"Mwache mama na gari lake," dada alisema.

"Dada, mle ndani ni pachafu. Mimi kazi yangu ni hiyo, nakwambia hata mimi pananishinda."

"Ni pachafu kwako. Na hata ukija kusalimia, usije ukafungua madirisha."

"Kwa nini?"

"Muulize mama."

Angemuuliza mama, hadithi hii ingekuwa fupi na yenye furaha. Lakini Bwana Mvuke alizoea kuuliza magari, si watu. Isitoshe, aliona dada anafanya ukubwa, kama alivyofanya tangu walipokuwa wadogo wakigombea nafasi ya dirishani. Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo alilijua nusu nusu tu. Tangu mazishi, kila alipopita ile kona ya shule moyo ulimuuma. Alitaka kumfanyia baba kitu. Mtu hutoa alichonacho, na yeye alichokuwa nacho ni mvuke. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akachagua siku ya kliniki, mama na dada wasiwepo, iwe zawadi ya kushtukiza.

Alifika na mashine kwenye pikapu ya kukodi, bila Kipara. Kazi hii hakutaka mkono wa mtu mwingine. Alifungua milango yote minne na buti, akashusha vioo, akasimama kidogo. Kisha akaanza kutoa vitu kimoja kimoja, kwa heshima, na kuvipanga kwenye boksi: sindano ndefu ya kushonea soli, bonge la nta lenye alama ya kidole gumba, kisigino cha kiatu cha mwanamke kilichokuwa kimempoteza mwenzake, makaratasi ya peremende yaliyokunjwa vizuri kama barua. Hakutupa hata karatasi moja. Alijiona mwana mwema sana, na kwa hilo boksi alikuwa mwana mwema kweli.

Akafyonza vumbi. Akachemsha maji. Akapeleka mdomo wa mpira kwenye kiti cha dereva, pale mgongo wa mzee ulipokuwa umeacha doa jeusi lenye umbo la mabega.

Wanaofanya kazi hii wanajua kinachotokea mvuke unapogusa kitambaa cha zamani. Harufu haitoki kwa siri. Inaamka kwanza. Joto linaiinua kutoka ndani ya sponji, na kwa muda mfupi gari linanuka kwa nguvu kuliko lilivyowahi kunuka. Basi ikaamka. Gundi, nta, ngozi, mnanaa, dawa ya goti, jasho, vyote vilipanda kwa pamoja, vya moto, kana kwamba mzee ameingia sasa hivi akafunga mlango na kusema haya, twende. Mkono wa Bwana Mvuke ulisimama. Alijikuta ni mtoto mwenye mkoba wa shule magotini. Macho yalimjaa machozi, akayafuta kwa kitambaa cha manjano, kitambaa cha dashibodi, jambo ambalo asingemruhusu Kipara.

Angezima mashine wakati ule, kiti kimoja tu kingekuwa kimeguswa.

Lakini kazi ina sauti yake, na sauti ile ilimwambia lile alilowaambia wateja miaka yote: harufu ikipanda, ujue inatoka. Akavuta pumzi, akaendelea.

Na akafanya kazi, jamani. Hakuwahi kufanya kazi kama ile, wala kwa meneja wala kwa maharusi. Viti alivipitia mshono kwa mshono. Zulia alilitoa likapigwa mvuke pande zote mbili. Matundu ya hewa aliyasafisha kwa brashi ndogo, akabadilisha hata chujio la hewa, kwa sababu humo ndimo harufu hujificha ikarudi wiki inayofuata kumwaibisha fundi. Dari aliipitia kwa mbali, kwa kitambaa, taratibu, na haikushuka hata chembe. Usukani ulikuwa mweusi wa kung'aa. Aliupiga mvuke, weusi ukahamia kwenye kitambaa, usukani ukatokea kuwa wa kijivu. Kumbe ulikuwa wa kijivu siku zote, na weusi ule ulikuwa mikono ya baba.

Mwisho mikanda. Aliivuta mpaka ikagoma, wa dereva na wa abiria, akaibana kwa vibanio, akaipiga mvuke mbele na nyuma.

Maji machafu yaliyofyonzwa kwenye viti yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Aliyamwaga kwenye mfereji wa uani, akasukumia ndoo ya maji safi. Vitambaa akavitia kwenye sabuni ya moto palepale. Alikuwa mtu wa kumaliza.

Mama na dada walirudi gari likiwa linang'aa uani, milango wazi, hewa ikipita. Dada aliona kwanza. Aliweka mkono mdomoni, akamtazama mdogo wake, na Bwana Mvuke akadhani ni mshangao wa furaha. Alitabasamu.

"Mama, njoo uone," alisema. "Zawadi yako. Sasa utakaa bila kukohoa."

Mama alisimama. Alitazama viti, ambavyo vilikuwa na rangi asiyoikumbuka. "Wewe ndiye umefanya haya, mwanangu?"

"Peke yangu."

"Peke yako," mama alirudia.

Aliingia kiti cha abiria, akauweka mkoba mapajani, akafunga mlango. Kisha akapandisha vioo vyote mpaka juu, na Bwana Mvuke akamwona kupitia kioo kisicho na doa hata moja. Mama alifumba macho akavuta pumzi. Akavuta tena. Akageuza shavu, akaliweka kwenye kiti cha dereva, akakaa hivyo. Halafu akanyoosha mkono juu ya kiti kile, akaushika mkanda wa baba, akauleta puani. Akauvuta zaidi. Akauvuta zaidi tena, mkono juu ya mkono, akitafuta kilichojificha ndani, mpaka mkanda ukagoma. Akaunusa pale mwisho. Akauachia, nao ukarudi ndani ya nguzo kwa kasi ukapiga kelele kidogo.

Hapo ndipo Bwana Mvuke alipoelewa.

Mama akatoka. Alikuwa ametulia, ila hakuwa ametulia kama siku nyingine. "Ni safi, mwanangu," alisema, akamshika shavu. "Ni safi kabisa. Umefanya kazi nzuri. Ahsante." Akaingia ndani.

Dada hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Alikusanya vibanio vya nguo kutoka ardhini, akasema bila kumtazama, "Nilikwambia umuulize."

Jioni ile, wakiwa mezani, mama aliuliza kama jambo la kawaida, "Yule jirani bado analitaka gari?"

Dada aliitikia kwa kichwa.

"Mwambieni aje alichukue. Linakula nafasi tu uani."

Bwana Mvuke hakukubali. Alikuwa fundi, na fundi huamini kila kilichoharibika hutengenezwa. Alimwomba mama asubiri kidogo, akaenda kwa mafundi viatu akanunua gundi ileile na nta ileile, akaomba vipande vya ngozi kuukuu. Akanunua peremende za mnanaa na dawa ya kuchulia. Akavipanga ndani ya gari, akafunga vioo, akaliacha juani. Pua yake ilijua kila kilichokuwemo, yeye aliyeweza kutenganisha maziwa na mbwa na manukato ya watu. Lakini kutenganisha ni jambo moja na kuchanganya ni lingine. Alipofungua mlango kulinuka gundi. Pembeni ya gundi kulinuka mnanaa. Vilikaa kama wageni kwenye chumba cha kusubiria, hakuna aliyemjua mwenzake.

Alimleta Kipara anuse. Kipara alianza kwa kicheko, "Bosi, leo umehamia upande wa maadui?" Kisha akamwona uso, akanusa kwa makini. "Ni duka la viatu hili, bosi," alisema kwa upole. "Duka zuri. Lakini duka." Akampa kitambaa. "Maji yakimwagika hayazoleki."

Na kweli Bwana Mvuke aliyamwaga mwenyewe, kwa ndoo, akasukumia maji safi.

Asubuhi ambayo jirani angekuja kulichukua gari, Bwana Mvuke alifika mapema uani. Alivitoa vile vitu vyote vya dukani. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaanza kutafuta kosa katika kazi yake. Aliomba alikute. Alipiga magoti chini ya pedali, akachungulia nyuma ya kisanduku cha peremende. Akainua kifuniko cha gurudumu la akiba. Akatia pua kwenye matundu ya hewa, kwenye reli za viti, kwenye mfuko wa mlango, pembe kwa pembe. Wengine wakifanya kazi hii huruka sehemu. Wapo wavivu wazuri, wenye haraka, wenye njaa, wanaofuta juu juu na kwenda zao. Laiti baba yake angeoshewa gari na mmoja wao. Mwisho akakaa kiti cha abiria, akanyoosha mkono, akauvuta mkanda wa dereva mpaka ukagoma, akauweka puani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, funguo mkononi. Bwana Mvuke hakujua mama amesimama pale tangu saa ngapi.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Nilichosahau, Mama."

"Umekipata?"

Alitikisa kichwa. "Hakuna. Sikusahau mahali popote."

"Najua," mama alisema. "Hata mimi nilitafuta." Akamshika bega, akamsaidia kutoka. "Haya, shuka. Jirani anasubiri."